Mfasiri wa Filamu na Mbabula ya Mama

Wengine wanamshukuru daktari, wengine wanamshukuru padri. Mimi daktari nilimshukuru, na padri pia, maana alituombea mpaka sauti ikamkauka. Lakini mtu ninayemtaja wa kwanza kila ninapopiga magoti ni mwanaume mmoja wa Bukavu anayesema juu ya filamu za polisi, mtu mwenye mdomo usiojua kuchoka, ambaye kwa muda mrefu nilimtukana kila Jumapili bila kukosa. Bila yeye mdogo wangu na binti yake wangekuwa kaburini leo. Sipambi maneno, ndivyo ilivyo.

Kwa asiyejua mambo yetu nieleze kidogo. Huku Kamembe, ng'ambo ya mpaka kutoka Bukavu, filamu haiji peke yake, inakuja na mtu ndani yake. Wazungu wanaongea lugha yao, halafu sauti ya mfasiri inapanda juu yao inaeleza kila kitu: nani amesema nini, nani anadanganya, nani atakufa sasa hivi. Mtu mmoja anakuwa polisi, anakuwa mjane, anakuwa mtoto, na mbwa akibweka anambwekea vilevile. Unapeleka flashi yako kwenye duka dogo karibu na gare, yaani kituo cha mabasi, wanakujazia sehemu mpya, unarudi nyumbani. Majirani wengi wanachukua zilizofasiriwa kwa Kinyarwanda. Sisi tulikulia Bukavu, na mama yetu alirudi huku akiwa tayari mtu mzima. Kinyarwanda chake ni cha kusalimia na cha kusali. Akitaka kucheka, kugomba, au kufuata mauaji, anataka Kiswahili chake. Ndiyo maana tulimchukua huyu wa Bukavu.

Mimi nauza vitenge sokoni. Siku nzima nasikia maneno: punguza, ongeza, hiki kinachuja, kile ulimuuzia jirani yangu kwa bei nyingine. Ikifika Jumapili baada ya misa nataka vitu viwili tu, kimya na mauaji. Na huyo bwana alikuwa hanipi kimya! Polisi yuko nyuma ya mlango, bunduki mkononi, jasho linamtoka, na mfasiri wetu anawasalimia watu wa mtaa wake. Mjane anakaribia kukiri, na yeye anasifia visamaki vya sambaza vya kukaanga vya mke wake. Mara anatoa mashauri ya ndoa, mara anaeleza jinsi ya kutunza meno. Nilikuwa napiga kelele, "Papa, fasiri filamu! Nani amekuuliza?" Mama alikuwa ananinyamazisha kwa mkono bila kuondoa macho kwenye skrini. Yeye alimpenda. Alisema ule baba ana adabu, hawezi kuingia nyumba ya watu akakosa kusalimia.

Filamu tuliyoifuata zaidi ya zote ilikuwa ya mwanamke mmoja daktari wa maiti, katika nchi ya theluji. Kila sehemu inaanza na mtu aliyekufa na polisi wanaokuna vichwa. Daktari anavaa glavu, anainama, anaona unywele, anaona vumbi chini ya ukucha, na kutoka kwenye vumbi lile anamfikia muuaji. Mama alivutiwa naye kwa sababu kabla ya kumgusa maiti alikuwa anamwambia pole. Ama angalau mfasiri alisema anamwambia pole. Mzungu mwenyewe alisema nini hasa, sisi tutajuaje?

Jumapili ninayoikumbuka, mdogo wangu alikuwa amebeba mimba yake ya kwanza na tumbo lilikuwa limeshuka. Mume wake anafanya kazi ya barabara upande wa Bweyeye, na kutoka kule msimu wa mvua ni kazi nyingine tena, kwa hiyo mkewe alikuwa amekuja kungojea kwetu. Alikaa amevimba miguu, ameiweka juu ya mto, anakula karanga. Sehemu ya siku ile ilianza vibaya sana: mama mmoja na watoto wake wamelala kitandani, wamekufa wote. Hakuna damu. Hakuna kidonda. Mlango umefungwa kwa ndani. Na mume, ambaye alikuwa kazini, ndiye aliyewakuta.

"Ni bwana yake," mama akasema hapo hapo.

"Kila siku bwana, kila siku bwana," mdogo wangu akajibu, mkono juu ya tumbo. "Si bamuachie kwanza alie."

Mimi nilimshuku jirani yao wa kwenye filamu. Yule jirani alikuwa na macho ya kuchungulia, na sokoni nimejifunza kuogopa macho ya namna hiyo. Tukagombana vizuri, kama kawaida yetu, huku polisi wakimtia mume pingu na yeye akilia kama mtoto. Daktari hakusadiki. Aliwaangalia wale wafu muda mrefu, akasema rangi yao ni nzuri mno. Walikuwa wekundu mashavuni, wa kupendeza, kama watu waliotoka kuoga maji ya moto. Akachukua damu, akaipeleka kwenye mashine zake. Halafu akarudi kwenye ile nyumba, akapanda mpaka juu ya paa, akakuta bomba la kutolea moshi wa jiko limezibwa kwa matambara. Mume ndiye aliyeziba. Upepo wa baridi ulikuwa unapitia mle, na watoto walikuwa wanakohoa. Alitaka walale kwenye joto.

Mama akatoa leso yake. "Maskini," akasema, "maskini wa Mungu, alitaka tu bapate joto." Alimlilia yule mzungu kama amemzaa yeye.

Sasa hapo, katikati ya machozi, daktari akiwa amefungua mdomo kumwambia mume kwamba hakuna mtu aliyeua familia yake, mfasiri akakata, akarukia mbabula, yaani majiko yetu ya makaa.

"Stopu," akasema. "Apa naacha filamu kidogo. Bamama ba kwetu, munisikilize. Munasemaka mbabula ikisha kuwaka bien, makala imekuwa nyekundu, moshi imeisha, basi haina mubaya. Munajidanganya! Moshi njo inaisha, sumu inabakia. Haina harufu, haina rangi. Muko naingiza mbabula mu chumba ya muzazi, munafunga dirisha, munasema mutoto asisikie baridi. Sikieni: mukiona batu bote ba mu chumba kimoja kichwa inabauma siku moja, musiseme ni malaria. Malaria haikamataka batu bote pamoja sawa vile banaalikwa mu ndoa. Mutoke inje! Mutoke inje kwanza, mutauliza nyuma. Haya, turudi kwa filamu."

Tuliporudi kwa filamu, filamu ilikuwa imeshatuacha. Mume alikuwa nje bila pingu, theluji inamwangukia, na muziki wa mwisho umeanza. Daktari alimwambiaje? Alilia? Alimshika mkono? Hatukujua. Nilivua kandambili nikaitupa ukutani. "Mungu akupe kikohozi!" nikamwambia. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika mgongo, na mama akasema yule baba amesema kweli lakini ni kweli ya Wazungu, nyumba zao zimefungwa kama sanduku. "Siye mbabula ya kwetu ni ya tangu babibi," akasema. "Ingekuwa inauaka, nani angebakia?" Tukaenda kupika.

Mtoto alizaliwa mvua zikianza kuwa kali. Msichana, mzima, mwenye nywele nyingi. Kwetu mzazi akitoka hospitali anakuwa malkia wa nyumba, lakini malkia mfungwa. Hatoki nje. Haguswi na upepo. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa mtama asubuhi na jioni, na mama yake mzazi ndiye anayemwogesha mtoto, hakuna mwingine. Mama alimpa chumba chake mwenyewe. Kila ufa wa dirisha aliujaza vitambaa. Siku za kwanza hazikuwa na shida, jua lilikuwa linatoka, wageni wanaingia na kutoka na vikapu vyao, mlango haupumziki. Halafu ikaja siku moja ya mvua ya kukesha na kushinda, mvua yenye upepo wa msitu ndani yake. Hapakuja mgeni hata mmoja. Mlango wa mzazi ukabaki umefungwa.

Mimi nilikuwa sokoni. Maji yalipoanza kupita chini ya meza zetu nilikunja vitenge, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikafika nyumbani mchana nikiwa nimelowa mpaka mifupa. Mama alikuwa kwenye jiko la nje anachemsha maji. "Usiingie kwa muzazi na baridi yako," akaniambia. "Vaa nguo ya kukauka kwanza. Nimemutengenezea joto nzuri, utaona."

Nikabadilisha nguo, nikaingia. Jamani, palikuwa pazuri mle ndani! Joto la kukumbatia. Mbabula ilikuwa imewekwa pembeni ya kitanda, makaa yake yamewaka vizuri, mekundu, bila moshi hata kidogo. Mama alikuwa ameipepea nje mpaka ikawa safi, ndipo akaiingiza. Mtoto alilala kimya chini ya blanketi. Mdogo wangu alifungua macho nusu.

"Yaya, kichwa inaniuma," akasema, maana dada mkubwa kwetu anaitwa yaya. "Tangu asubuhi. Na uji yote nimetapika."

"Umemwambia mama?"

"Anasema ni maziwa iko naingia. Ao malaria."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda nijipashe moto. Nikamweleza vituko vya sokoni, jinsi mwenzangu mmoja alivyomkimbiza bata wa mtu aliyeingia kwenye nguo zake kwa sababu ya mafuriko. Hiyo ilikuwa hadithi ya kumchekesha yeye hasa. Hakucheka. Akaniuliza kama sokoni kulikuwa na mvua. Nikamjibu. Baada ya kidogo akaniuliza tena, vilevile, kama hajauliza. Nikapiga mwayo. Nikapiga mwingine. Kipaji cha uso kilianza kunigonga, na nikawaza, haya, mvua imenipata na mimi.

"Labda sote tuna malaria," nikasema kwa sauti.

Nilipolisema neno lile nilimsikia. Wallahi sidanganyi, nilimsikia yule bwana na sauti yake ya kukwaruza kama amekaa na sisi kitandani: malaria haikamataka batu bote pamoja. Nikaitazama mbabula. Ilikuwa nyekundu, nzuri, safi. Nikamtazama mtoto, nikaweka mkono juu yake, nikamtikisa kidogo. Hakukunja uso. Nikambeba. Kichwa kikaanguka upande, mikono ikaning'inia kama nguo iliyotoka kwenye maji.

Nilikimbia naye. Nilitaka kusema nilifikiri, lakini sikufikiri kitu. Nilipiga mlango kwa bega, nikajikuta barazani, mvua inaturukia, mtoto mkononi bila hata blanketi. Mama akaniona kutoka jikoni. Sufuria ilimtoka mikononi.

"Unamuua!" akapiga yowe. "Unamuua mutoto! Mu mvua! Umekuwa mwendawazimu?"

Alikuja mbio akanipiga kofi, kofi la kweli, la mama wa Bukavu. Alitaka kumnyang'anya mtoto amrudishe ndani. Nikamgeuzia mgongo.

"Mama, ni mbabula!"

"Mbabula haina moshi!"

"Njo ile! Njo ile ya filamu, mama! Ule bwana wa kuziba bomba!"

Nilimwona anasimama. Mkono wake ulikuwa bado hewani. Yeye ndiye alikuwa anamsikiliza yule mfasiri kuliko sisi wote, neno kwa neno, na maneno yale yalikuwa yamelala ndani yake muda wote. Alikimbia chumbani, na mama yangu ana miguu mibaya, akipanda ngazi za kanisa anapumzika katikati. Akamshika mdogo wangu chini ya makwapa, akamkokota mpaka nje, akamlaza sakafuni barazani, kichwa chake mapajani. Halafu akaanza kumpiga mashavu na kumwita, na mdogo wangu alikuwa anasogeza midomo tu.

Mtoto hakulia. Nilimsugua mgongo, nikampulizia usoni, nikamwita majina yote ya mapenzi ninayoyajua. Jirani yetu mmoja mwenye gari alitoka na mwavuli kuuliza nani anapigwa, akatuona, akautupa mwavuli. Tukaingia garini kama tulivyo. Nikafungua madirisha yote, mvua ikaingia, na mama hakusema neno hata moja juu ya baridi. Tulipokuwa tunapita karibu na gare, mtoto alifungua kinywa akatoa kisauti kidogo, cha paka mchanga. Mdogo wangu alikuwa amelala begani kwa mama. Nikasikia anauliza, "Iko nalia?"

"Iko nalia," nikamjibu, na mimi mwenyewe nikaanza.

Hospitalini waliwawekea hewa ya oksijeni, mkubwa na mdogo, kitanda kimoja. Walikaa nao mpaka damu ikawa safi na mtoto akaanza kutafuta ziwa. Daktari alikuwa kijana mpole, amechoka. Alinivuta pembeni. "Mungebaacha balale mpaka magaribi," akasema, "tusingeongea hivi." Halafu akauliza nani alituambia tuwatoe nje. Nikamwambia ni mfasiri wa filamu. Akacheka, akadhani nafanya mzaha. Nilipomweleza sehemu yenyewe, na theluji, na matambara, na ndoa ya malaria, aliacha kucheka. "Muntu ule amenifanyia kazi," akasema. "Umufikishie aksanti yangu."

Tulirudi nyumbani wote. Niandike tena, kwa sababu kuna siku naamka nikiwa sisadiki: tulirudi nyumbani wote. Mume wa mdogo wangu alifika kutoka Bweyeye akiwa na matope mpaka kiunoni, akamshika binti yake kwa mara ya kwanza, na akaketi naye hivyo hivyo na matope yake, na hakuna aliyemwambia aende kuoga.

Aliyekosekana alikuwa mama. Alikuwepo, alipika, alifua, alichemsha maji. Lakini hakuvuka mlango wa mzazi. Beseni alikuwa analileta mpaka kizingitini, analiweka chini, anarudi nyuma. "Umuoshe weye," ananiambia. Mimi! Nimezoea kukunja vitenge, sio watoto. Nilimwogesha kwa hofu, sabuni ikiingia machoni, mdogo wangu akitoa amri kutoka kitandani, na mama amesimama koridoni anasikiliza. Tulimwita. Tulimbembeleza. Mume wa mdogo wangu alimpigia magoti kabisa. Alijibu mara moja tu, akiwa anaangalia mikono yake: "Ni hii mikono njo iliingiza mbabula." Televisheni hakuigusa tena. Jumapili alibaki chumbani mwangu na rozari, na aliendelea kukonda. Nilimwogopea. Nilikuwa nimewatoa wawili nje ya chumba kile, na sasa wa tatu alikuwa amebaki ndani yake.

Nilikuwa na aksanti mbili za kufikisha, ya daktari na ya kwangu. Siku moja niliacha meza yangu kwa mwenzangu, nikavuka mpaka kwenye daraja la Rusizi ya kwanza pamoja na wabebaji na wachuuzi, nikaingia Bukavu. Kumpata hakukuwa kazi. Nani asiyemjua kwa sauti? Kila muuza filamu aliniambia panda, shuka, uliza pale kwenye saluni. Nilikuwa nimemwaza mtu mkubwa, mwenye tumbo na kifua cha kupigia ngoma. Nikaonyeshwa chumba kidogo, magodoro yameegemezwa kwenye kuta zote kuzuia kelele za barabara, na katikati yake kijibaba kidogo, chembamba, skafu shingoni, kikombe cha tangawizi mkononi.

"Papa, bonjour," nikasema.

Akainua mkono kabla sijamaliza. "Maman, kama ni juu ya kuongea mingi mu filamu, najua. Najua! Bateja bananiambiaka kila siku. Fasiri, utuachie mahubiri. Lakini miye nikiona kintu ya kusaidia batu, mudomo inakataa kufunga. Munisamehe."

Nikakaa bila kukaribishwa. Nikamweleza. Nilianza kwenye matambara ya paa nikaishia kwenye kisauti cha paka karibu na gare. Mtu yule aliyemaliza maneno yote ya dunia hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliweka kikombe chake chini.

"Mutoto iko nanyonya?" akauliza.

"Iko nanyonya sana. Mpaka mama yake anamuomba pardon, amuache apumuzike."

Akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, akayafuta kwa skafu. Nikampa salamu za daktari. Nikampa kitenge nilichomletea mke wake, kizuri, katika vile ninavyovificha chini ya meza. Alikipokea kwa mikono miwili. Nikainuka kuondoka, na hapo ndipo nikamwambia habari za mama, kwa sababu nilikuwa sina mtu mwingine wa kumwambia. Nilimwambia jinsi anavyosimama koridoni. Nilimwambia pia alivyomlilia yule mzungu. Akafikiri kidogo, akanyoosha mkono. "Nipatie telefoni yako," akasema. Akafunga mlango, akakohoa, akaiweka simu mbele ya mdomo kama anavyoweka kipaza sauti chake.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu ya ziwa. Mama alikuwa uani anachambua maharagwe. Niliweka simu juu ya ungo, nikabonyeza.

"Maman, bonjour," ikasema ile sauti.

Mama aliruka. Akaangalia mlango, akaangalia mimi.

"Ni miye, mutu wa filamu. Apa naacha filamu kidogo, naongea na weye peke. Mutoto yako iko apa kwangu, amenieleza yote. Maman, Jumapili zote zile nimekuwa naingia mu nyumba yako, haukunifukuza hata siku moja. Aksanti sana. Sasa sikia. Ule baba aliziba bomba, unamukumbuka? Polisi balimufunga, jirani balisema ni muuaji. Bananiambia weye ulimulilia. Ulisema, maskini, alitaka tu bapate joto. Weye njo ulisema. Basi ujililie na weye vilevile, kama vile ulimulilia mutu hata hamujuane. Alafu inuka, Maman. Kuko mutoto iko nangojea bibi yake amuoshe. Haya, turudi kwa filamu."

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Iko nanijua miye," akanong'ona. "Yesu wangu, ule baba iko nanijua." Akaniambia nirudie. Nikarudia. Aliposikia tena neno maskini, mabega yake yakaanza kutikisika, akalia juu ya maharagwe, kilio kirefu ambacho tangu siku ya mvua alikuwa amekizuia. Sikumgusa. Nilimwacha alie mpaka akamaliza.

Kisha akainuka. Akachukua beseni, akachanganya maji, akayapima kwa kiwiko. Akapunguza ya moto, akaongeza ya baridi, akapima tena. Akavuka kizingiti cha chumba cha mzazi bila kuangalia nyuma. Mdogo wangu alipomwona alifungua blanketi akampa mtoto. Mama akamshika kichwa kwa kiganja kimoja, akamshusha polepole, na maji yalipomfikia mgongoni, yule binti alifungua kinywa akalia. Alilia kwa hasira, kwa kifua chote, kilio cha kusikika mpaka barabarani. Mdogo wangu akanyoosha mikono haraka amchukue.

"Umuachie," mama akasema. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye beseni. "Muachie alie. Lia, mama. Lia sana. Lia, bibi asikie."